Maji Yaliyokataa Kuzama

Chupa ilianza kujikunja basi lilipokuwa likipanda.

Yeyote aliyezaliwa upande wetu huu wa milima anajua kwamba chupa ya plastiki hujikunja ukishuka. Ukipanda inavimba, na ukiifungua inakupulizia usoni. Watoto wa shule wanajua. Yasna naye alijua, ingawa ni mtu wa Chillán, kule kusini kwenye mvua, ambako mlima ni kitu cha kutazama dirishani. Kwa hiyo alipoisikia chupa yao ikilia kra, kra kwenye mfuko wa kiti cha mbele, na huku basi la Arequipa linahangaika na kona za kupanda kutoka Moquegua, aliinama akaitazama. Alipoiweka ilikuwa imejaa. Sasa maji yalikuwa nusu, kifuniko kimefungwa, na mbavu za plastiki zinaingia ndani, zinatulia, zinaingia tena. Ilikuwa inanyonywa.

"Bonge," alimgusa mwenzake. "Umekunywa maji?"

Gastón alifungua jicho moja. "Sijagusa. Mnywaji wa maji humu ni wewe."

"Hebu tazama hii chupa."

"Imejikunja. Ni milima, Kimbaumbau. Lala."

"Gastón, tunapanda."

Aliitazama chupa, akatazama bonde lililokuwa likibaki chini yao, akacheka. "Basi chupa imepotea njia," alisema, akajifunika kofia usoni. Yasna akacheka pia, maana kwa Gastón ilikuwa vigumu kutocheka. Lakini aliona midomo yake ilivyopasuka, na aliona kwamba katika basi lile la joto, ambamo kila abiria alikuwa akijipepea kwa chochote alichonacho, Gastón peke yake hakuwa na tone la jasho.

Walikuwa wamekaa pamoja miaka minne. Gastón alikuwa fundi baiskeli, mwanamume mnene mwenye maneno mengi, na Yasna alikuwa akisuka bangili za nyuzi. Mwezi wa kwanza walifunga mlango wa chumba chao, wakabeba mabegi mgongoni, wakaanza kupanda kaskazini kwa kufuata bahari ya magharibi, Chile mpaka Peru mpaka Ekuado, kwa lifti za malori na mabasi ya bei ya chini, wakilala kwenye hema nyuma ya vituo vya mafuta na kula mkate na parachichi. Mji wowote wenye taa za barabarani, taa ikiwaka nyekundu Gastón alisimama mbele ya magari akarusha virungu vyake vitatu hewani na kuvidaka, mchezo wa kuombea sarafu, na Yasna akapita madirishani na bangili. Gastón alikuwa ameapa kwamba wakifika kwenye mstari wa ikweta atamwoa palepale, mguu mmoja kusini na mmoja kaskazini. Yasna alikuwa ameshasuka bangili mbili nyekundu za siku hiyo. Moja Gastón alikataa kusubiri, akaivaa siku ileile ilipokwisha.

Mimi ni mtu wa Pozo Almonte, huku jangwani, na siwalaumu watu wa kusini kwa kutolijua jangwa. Ninawalaumu kwa kuongea sana.

Siku nne kabla ya basi lile, lori lililowatoa Antofagasta liliwashusha katikati ya pampa, ile tambarare tupu ya jangwa, saa sita mchana, kwa sababu lenyewe lilikuwa linakata kona kwenda mgodini. Dereva aliwaambia magari hayakosekani. Siku hiyo yalikosekana. Walikuwa na lita mbili za maji, na lita nzima Gastón alikuwa ameipikia dengu asubuhi, jambo ambalo hata mtoto wa huku hawezi kulifanya. Saa nane Yasna aliacha kutoka jasho. Saa nane na nusu alianza kumwita mama yake, ambaye amekufa, na kumuuliza kama nguo zimeshaanuliwa. Kisha akaanguka.

Hapo ndipo Gastón alipokiona kijumba.

Vijumba hivyo viko kila barabara ya nchi yetu. Mtu akifa vibaya njiani, roho yake inabaki palepale ilipotokea, na watu wanamjengea kijumba cha bati au saruji, kama cha mbwa kwa ukubwa, chenye msalaba na mishumaa. Unasimama, unamwomba, unaweka nadhiri: mwanangu akipona nitakuletea maua. Akikusaidia, unatimiza. Usipotimiza, marehemu anakufuata mpaka kitandani. Wengine wangemwita jini, wengine pepo. Sisi tunamwita kwa jina lake tu, kwa heshima.

Cha pale kilikuwa cha bati la bluu, na bati limeandikwa ZOILA na mwaka wa zamani. Kilizungukwa na chupa za maji, mamia, zimepangwa safu kwa safu mpaka kwenye mchanga. Gastón alifungua ya kwanza, ikanuka uozo. Ya pili ilikuwa na ukungu wa kijani. Mbele kabisa, mlangoni, ilisimama chupa moja ya kioo, ya zamani, na maji yake yalikuwa meupe. Aliishika, na chini ya jua lile ambalo lilikuwa linachoma mpaka soli za viatu, chupa ilikuwa ya baridi.

Alifanya ambavyo Mchile yeyote angefanya. Alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaweka nadhiri. Kwa kuwa ni Gastón, aliiweka kwa utani wake, na sauti inatetemeka kwa hofu. "Nisamehe, mrembo. Mke wangu anakufa. Nisubiri hapahapa, nitarudi na maji."

Yasna alikunywa chupa nzima. Gastón hakuonja hata tone. Nusu saa baadaye gari la mboga likatokea, likawabeba, na chupa ya kioo Gastón akaifunga kwenye fulana na kuiweka ndani ya begi, ili wakirudi mwezi wa nne airudishe imejaa. Alikuwa na nia ya kweli kabisa. Hilo ndilo linaloniuma ninapoisimulia habari hii.

Arequipa walipata chumba katika gesti ya mtaani, juu, kwenye paa, chenye kitanda na sinki. Gastón alifungua bomba ajioshe uso. Bomba lilikohoa, likatoa uzi wa maji, likanyamaza. Chini, mwenye gesti alikuwa akifua na maji yanamwagika. Yasna alipokwenda kusimama kwenye sinki peke yake maji yalitoka vizuri. Gastón akisogea yanakata.

"Bomba linanionea wivu," Gastón alisema.

"Njoo hapa. Fungua mdomo."

"Wewe daktari sasa?"

"Fungua, Bonge."

Ulimi wake ulikuwa mweupe, umepasuka katikati. Alikuwa amekunywa, kwa hesabu ya Yasna, ndoo nzima ya maji tangu Arica, mji wa mpakani, na siku mbili hakuwa amekwenda haja ndogo. Suruali ilikuwa inamvuka. Yule mtu mnene aliyekuwa akijaza mlango alikuwa amelegea ngozi shingoni, na alipomkumbatia, Yasna alisikia harufu ya nta ya mishumaa na vumbi la moto. Aliogopa. Hakujua aogope nini.

Asubuhi, jua likiwa limeshawaka uani, mama mwenye gesti aliwaletea bakuli mbili za supu. Yasna alichota kijiko kimoja, akageuka kumpa Gastón mkate, na aliporudisha macho, bakuli la Gastón lilikuwa kavu, tambi zimeshika chini, viazi vimenyauka, na Gastón hajagusa kijiko. Alikuwa ametega sikio upande wa kushoto, ambako kulikuwa na kiti kitupu.

"Nani?" Yasna aliuliza kwa kunong'ona.

"Anasema nimechelewa," Gastón alijibu kwa sauti ya mtu anayeongea usingizini. Kisha akapepesa macho, akaona supu. "He! Nimekula saa ngapi?"

Mama mwenye gesti alirudi nyuma hatua mbili, akajifunga shali. "Binti," alimwambia Yasna polepole, "huyu wako si wa hospitali. Mpeleke kwa Mama Grimanesa sokoni, kwenye wauza dawa. Na mwende sasa hivi. Sitaki alale tena kwangu, unisamehe."

Mama Grimanesa alikuwa mwanamke mfupi wa kofia ya majani, amekaa katikati ya mafungu ya majani makavu na visanduku vya simbilisi hai. Hakuuliza jina. Alimkalisha Gastón kwenye kigoda nyuma ya pazia, akachukua simbilisi mweusi, akampitisha mwilini mwake kichwa, shingo, kifua, huku akiomba chini kwa chini. Mnyama alilia mara moja, akanyamaza kifuani. Mama Grimanesa alimweka juu ya gazeti, akampasua kwa kisu kidogo kama anavyofanya kila siku, ili aone ugonjwa uko wapi.

Hapakuwa na damu. Ndani ya simbilisi mlikuwa na mchanga mwekundu mkavu, ukamwagika kwenye gazeti kwa sauti laini.

Yule mganga aliweka kisu chini. "Mlichukua nini, na kwa nani?"

Yasna alisimulia yote. Alipofika kwenye nadhiri, Mama Grimanesa alimzuia kwa mkono.

"Alisema hivyo? Nisubiri, nitarudi na maji?"

"Ndivyo alivyosema. Ni kosa, mama? Kwetu ndivyo tunavyoweka nadhiri."

"Kwenu, kwetu. Huyo ana kwake." Alimtazama Gastón, kisha akatazama kwa muda mrefu nafasi iliyokuwa kushoto kwake. "Mwanangu, mimi ninafukuza kilichomwingia mtu. Hiki hakijamwingia. Kimesimama pembeni yake, kimemshika mkono. Alikiita mwenyewe, kikaja. Siwezi kumfukuza mgeni aliyealikwa."

"Basi afanye nini?" Yasna alikuwa analia sasa. "Mama, maji nilikunywa mimi. Si yeye. Mimi ndiye niliyekunywa."

"Anayedaiwa ni aliyesema. Mrudishe pale, na maji, kwa mkono wake mwenyewe. Upesi, maana huyu amebakiza siku mbili za unyevu, si zaidi. Na sikiliza vizuri: njiani asimwahidi mtu yeyote kwamba atarudi. Hata kwenda chooni. Akilisema neno lile kwa mwingine, amefungua mlango wa pili, na mimi sijui mlango huo unatokea wapi."

Alikataa kulipwa. Walipotoka alimwaga chumvi kizingitini.

Siku ileile walipanda basi la kushuka Tacna. Yasna alinunua madumu mawili ya lita kumi na akayapakata mapajani, moja juu ya jingine, kama mama wa mapacha. Chupa ya kioo ilikuwa imejaa, imefungwa kwa kizibo na kitambaa. Bahari ilipoonekana kwa mbali upande wa kulia, ile ambayo walikuwa waifuate mpaka ikweta, Yasna hakuitazama. Alitazama madumu. Kila saa yalikuwa yanalia kra, na maji yanashuka kwa upana wa kidole.

"Mwambie aache," alimnong'oneza Gastón. "Mwambie ni yake yote, aache tufike."

"Hasikii mtu mwingine," Gastón alisema. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. Alijaribu kucheka. "Yaani nimewahi kupendwa na mwanamke mmoja tu maishani, na huyo nilimbembeleza mwaka mzima. Sasa nina wawili na sina hata mate."

"Usinichekeshe, Bonge. Tafadhali."

"Nisipokuchekesha nitakuwa nimekufa tayari."

Arica, alfajiri ya kesho yake, nje ya kituo cha mafuta, lori la vitunguu liliwachukua. Dereva alikuwa Mzee Wenceslao, mwanamume wa miaka sitini mwenye kuendesha njia ile tangu ujana wake, na Yasna alipomwambia wanataka washushwe kwa Zoila, alizima redio.

"Kwa Zoila? Mna nini na Zoila?"

Yasna alimweleza. Mzee Wenceslao alishika usukani kwa mikono miwili. Kisha akaeleza, macho barabarani, jambo ambalo sisi wa huku tumenyonya na maziwa. Zoila alikuwa bibi harusi wa wiki mbili. Gari lao liliharibika pale pale penye kijumba. Mumewe alichukua chupa ya kioo, akamwambia: nisubiri, nitarudi na maji. Aliukuta mji, akajaza chupa, akakuta na lori linalokwenda kaskazini zaidi, mahali ambako hakuna aliyemjua. Akapanda. Chupa aliiacha kwenye kaunta ya duka, na ndiyo watu walioipeleka baadaye mlangoni pa kijumba. Zoila alisubiri siku tatu ndani ya gari, na alipopatikana alikuwa amekaa wima, ameangalia kaskazini.

"Ndiyo maana kwake tunaweka maji na kufunga mdomo," mzee alisema. "Hakuna nadhiri. Hakuna kuaga. Unaweka, unaondoka."

"Hapakuwa na kibao," Yasna alisema.

"Hapana, binti. Hatukuweka kibao. Tulidhani kila mtu anajua." Alimtupia jicho Gastón aliyeegemea dirishani, ngozi imemshika mifupa ya uso. "Kuna jambo jingine nalo sijui nilisemeje. Wiki hii wamekuwa wanapanua barabara pale."

Walifika saa saba mchana. Palikuwa na lami mpya, nyeusi, pana. Kijumba cha bati la bluu hakikuwepo, wala chupa hata moja. Kilichokuwepo ni kijumba kipya cha saruji upande wa pili, kimepakwa chokaa nyeupe, na jina limeandikwa upya kwa herufi nzuri. Watu wa barabara walikuwa wamefanya kwa heshima, kama inavyotakiwa. Hata maua ya plastiki walikuwa wameweka.

Yasna alimshusha Gastón kwa kumbeba nusu. Katika madumu yote mawili yalikuwa yamebaki maji ya kujaza sufuria moja, na chupa ya kioo ilikuwa robo. Gastón alipiga magoti mbele ya kijumba kipya, akatoa kizibo kwa meno, akamwaga.

Maji yalikataa kuzama.

Mchanga ule haujaonja mvua tangu babu zetu, ukitema mate yanapotea kabla hujafunga mdomo, na sasa maji yalikaa juu yake mduara mzima, yanang'aa, hayasogei, hayapenyi. Yasna akamwaga na ya dumu. Nayo yakakaa. Aliyasukuma kwa viganja, akachimba kwa kucha ili yaingie, akalia, akasema mama Zoila pokea, mama Zoila ni mimi niliyekunywa, nichukue mimi, na maji yakamzunguka vidole yakarudi mahali pake, na mchanga chini yake ulikuwa mkavu.

"Hayupo humu," Mzee Wenceslao alisema nyuma yake, kofia mkononi. "Ee Mungu. Wamejenga nyumba tupu."

Gastón alikuwa ameinua kichwa. Uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu basi lile la kupanda, na alikuwa anasikiliza upande wa kushoto kwa adabu, akiitikia kwa kichwa. Alisimama bila kusaidiwa. Chupa tupu ilikuwa mkononi mwake.

"Gastón. Bonge. Niangalie mimi."

Alimwangalia. Yasna anasema mpaka leo kwamba alikuwa ni yeye, mzima, na macho yake yale ya utani, na kwamba alimtazama midomo iliyopasuka na uso uliojaa vumbi na machozi, akamwonea huruma ileile ya siku ile. Mganga alikuwa amemkataza. Nadhani alisahau. Au hakusahau, na hakuwa na neno jingine la kumpa.

"Una kiu, Kimbaumbau," alisema. "Ngoja hapa. Nitarudi na maji."

Akageuka akaanza kutembea kuelekea kaskazini, ndani ya pampa, taratibu, kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani. Yasna alimdaka kifundo cha mkono, akaikamata ile bangili nyekundu, lakini ngozi ilikuwa kavu kama karatasi ikamteleza, akamfuata, akaanza kukimbia, na Mzee Wenceslao akakimbia nyuma yake akiita, na pampa ile ni tambarare, haina jiwe la kujificha mbuzi, haina mti, jua liko utosini na kila kitu kinaonekana mpaka mwisho wa dunia, na Gastón alikuwa anatembea tu, hakimbii, na wao wanakimbia, na mgongo wake haukusogea karibu hata hatua moja, ukawa unapungua, ukawa mwembamba, ukaanza kutetemeka kwenye joto kama vinavyotetemeka vitu vyote huko mbali, na pembeni yake, kushoto, Yasna akaona mgongo wa pili.

Kisha hapakuwa na mtu.

Askari walitafuta siku nane kwa magari na mbwa. Walikuta nyayo za jozi mbili zikienda sambamba, za viatu na za miguu mitupu, mwendo wa dakika ishirini kutoka barabarani. Mbele ya hapo mchanga ulikuwa laini na haukuwa na alama yoyote. Yasna alikaa kando ya barabara siku zote nane. Wenye malori walimwekea chupa za maji miguuni, wakafanya ishara ya msalaba, wakaondoka bila kusema neno. Siku ya tisa alizitazama zile chupa zilivyopangwa, akaelewa wanamfanyia nini, akapiga kelele mpaka Mzee Wenceslao akamwingiza kwenye lori kwa nguvu na kumpeleka mpaka Santiago.

Alirudi Chillán. Alikifungua chumba chao, akaweka virungu vitatu juu ya kabati. Mwezi wa saba mvua ilinyesha wiki mbili bila kukoma, mitaro ikafurika, kuta zikaota ukungu, na Yasna katikati ya maji yote hayo alikuwa na kiu. Alikuwa nayo tangu siku ile. Alikunywa asubuhi, alikunywa mchana, haikwenda popote. Madaktari walimpima wakasema hana kitu.

Jumapili moja, saa nne asubuhi, alisikia hodi, mara mbili, kwa mgongo wa vidole, kama Gastón alivyokuwa akibisha kila alipopoteza ufunguo. Alifungua. Mtaa ulikuwa mtupu, mvua inapiga. Lakini kwenye saruji iliyolowa ya barazani palikuwa na alama za jozi mbili za miguu, viatu na miguu mitupu, na alama zilikuwa kavu kabisa, na mvua iliyokuwa ikidondoka juu yake haikuzilowesha.

Katikati ilisimama chupa ya kioo, imejaa. Shingoni ilikuwa imefungwa bangili nyekundu ya nyuzi. Aliigusa, na katika baridi ile ya mwezi wa saba chupa ilikuwa ya moto, kana kwamba imeshinda juani.

Alijua ni nini. Alijua kuliko mtu yeyote. Alikaa kizingitini na ile chupa mapajani mpaka bangili ikamkaukia mkononi, akitafuta ndani yake sababu ya kuimwaga mtaroni, na hakuipata. Gastón alikuwa amesema atarudi na maji, na alikuwa amerudi.

Yalikuwa na ladha ya nta na vumbi. Aliyanywa yote mpaka tone la mwisho, na alipomaliza bado alikuwa na kiu, na upande wake wa kushoto mtu alivuta pumzi.